Nilipoanikwa Juani na Michembe, Vidonge Vikabaki Kabatini

Hapana, jua halikuniponya, na wala sijapona. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu dada mmoja wa Nkoma, ambaye naye ameambiwa juzi ana kisukari, aliniambia usoni kwamba nawabania wenzangu. Alisikia kwamba mimi nilikaa juani wiki sita, vidonge nikaviacha, nikapona, na sasa nawaficha watu dawa ya bure. Nikamwambia sio hivyo. Akasema, mbona umenenepa tena? Nikamwambia nimenenepa kwa sababu nameza vidonge asubuhi na jioni. Akanitazama kama mtu anayetazama mwizi.

Dada, habari yenyewe ni hii. Siku zile nilikuwa naandika kwenye daftari, kwa hiyo sibahatishi. Soma mpaka mwisho. Sisi tuliishia katikati, na ndiko tulikoumia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani bila kazi, halafu makampuni binafsi ya pamba yakaanza kumiminika Bariadi. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake. Sasa kila kona kuna mzani, na kila mnunuzi anatafuta karani anayejua kuandika vizuri. Nikapata kazi kwenye stoo ya kampuni moja. Stoo yenyewe haina dirisha hata moja. Naingia asubuhi kabla jua halijatoka, natoka limeshazama, na mchana nakunywa soda mbili tatu kushusha vumbi la pamba kooni.

Siku ambazo sikuwa kazini nilikaa ndani pia. Hiyo ilikuwa amri ya shangazi Minza, dada yake baba, aliyenilea tangu mayu, mama yangu, alipofariki nikiwa darasa la tatu. Mimi ni mweupe, nilimfuata mayu. Kwetu Usukumani binti mweupe anaozwa kwa ng'ombe wengi, kila mtu anajua, ingawa siku hizi wengine wanaona haya kulisema. Shangazi hakuona haya. Tangu nilipovunja ungo sikupelekwa palizi wala kuvuna pamba. Nikienda dukani ni mwavuli, na kitenge kinanifunika mpaka kwenye vidole. Wasichana wenzangu walikuwa wananiuliza kama nimeibiwa mikono. Shangazi alimwambia baba, "Weupe wa Kabula ni mali ya ukoo," na baba, ambaye alikaa Kasoli na ng'ombe wake, alikuwa anacheka tu.

Mwaka huohuo Shija alinichumbia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole, anapenda kunyoosha suruali zake mwenyewe. Wazee walishakaa, wakakubaliana, na sehemu ya ng'ombe ilishafika Kasoli. Ndoa ilikuwa iwe baada ya msimu wa pamba unaofuata.

Basi wakati wa palizi, Januari iliyofuata, nikaanza kiu. Sio kiu hii ya kawaida. Nilikunywa jagi zima nikabaki natazama mtungi. Kila nusu saa niko chooni. Shangazi ndiye aliyeona kwanza kwamba sisimizi wanajipanga pale ninapokojoa na mahali pengine hawapo. Baada ya siku mbili akaniuliza nimemwaga nini kule. Macho nayo yakaanza ukungu. Nikawa nasoma saba ya kwenye orodha ya mikopo ya mbegu kama moja, wakulima wananigombeza. Gauni zikanipwaya. Na huku chini nilikuwa nawashwa mpaka machozi. Naandika hata hilo, kwa sababu najua kuna anayesoma hapa ambaye anawashwa na hajamwambia mtu.

Hospitali wakapima mkojo, wakapima damu nikiwa sijala, wakasema sukari. Aina ya pili, ile wanayoijua ni ya watu wazima. Nikaambiwa nije kliniki kila Alhamisi.

Benchi la Alhamisi sitalisahau. Ni refu, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja ni tofali. Wote waliokaa pale walikuwa na umri wa kunizaa. Nilipokaa, mama mmoja mnene, kikapu chake kinanuka dagaa, akageuka akaniangalia.

"Umemsindikiza nani, binti?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi umewahi foleni," akasema. "Wenzako tulisubiri tuzeeke kwanza."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Huyo ni mama Veronika, muuza samaki wa Lamadi. Alikuwa na sukari miaka tisa. Alinisogezea nafasi, na kuanzia siku hiyo Alhamisi zote aliniwekea nafasi kwa kikapu chake. Ni jambo dogo, lakini ukiwa unasubiri jina lako liitwe, mtu kukuwekea nafasi ni kitu kikubwa sana.

Vidonge vilinisumbua. Vikubwa, vyeupe, vinaacha ladha ya chuma mdomoni, na tumbo linaendesha. Lakini shangazi alisumbuka zaidi yangu, na nataka nimtendee haki hapa. Miaka ile, mtu amekonda na anameza vidonge kila siku, watu hawakuuliza ana nini. Walishajua ni UKIMWI. Walishamzika. Shangazi aliona hilo linanijia mimi, na nyuma yangu baba, na ng'ombe, na mama yake Shija, ambaye ni mtu wa kanisani mwenye marafiki wengi. Akaniambia nimeze chumbani, mlango umefungwa, na kopo niliweke kabatini nyuma ya vikombe vya wageni.

Mwezi wa tano, mvua zinaishia, akanipeleka Mwanza. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimefunguliwa nyingi, na yeye aliamini huko watatafuta ugonjwa mwingine wenye jina zuri zaidi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu. Aliniuliza maswali ambayo sikuyategemea: nalala wapi, nafanya kazi wapi, natoka nje saa ngapi. Nikamwambia sitoki. Akashangaa, akaniuliza tena, jua linanipata saa ngapi. Shangazi akajibu kwa fahari kwamba halinipati. Daktari akaandika, akachukua damu, akasema hiki kipimo kimoja hawana, kitapelekwa Nairobi, turudi baada ya wiki tatu.

Tukarudi. Haya maneno yake nayaandika kama nilivyoyaandika siku ile kwenye daftari, kwenye basi, mwandiko unarukaruka:

"Vitamini D yako iko chini sana. Wenye sukari ya aina yako mara nyingi tunawakuta nayo iko chini. Kipi kilianza, na kama kimoja kinaleta kingine, sijui, na mtu akikwambia anajua kwa hakika, muulize amejulia wapi. Hii vitamini mwili unaitengeneza ukipata jua. Kwa hiyo toka nje kila siku, kidogo tu, mikono na miguu wazi. Nakuandikia na ya kumeza. Vidonge vya sukari usiache hata siku moja."

Nimeyaandika yote, unaona. Nilikuwa nayo kwenye mkoba wangu. Sikuweza kusema sikusikia.

Basi likapita Magu, shangazi anatazama dirishani. Halafu akaanza kucheka peke yake, taratibu, mabega yanatikisika. Akasema kumbe ni jua. Akasema yeye ndiye aliyenifungia, na sasa yeye ndiye atakayenifungulia. Alikuwa na machozi. Nikamkumbusha habari ya vidonge. Akasema daktari alitaja vidonge kwa sababu madaktari wote wanataja vidonge. Na ile dawa ya vitamini tuliitafuta Bariadi duka kwa duka, hatukuipata, akasema ndiyo hivyohivyo, utanunuaje kwenye chupa kitu ambacho Mungu anakimwaga uani.

Kama unatufahamu, unajua mwezi wa sita na wa saba ni wakati wa michembe. Viazi vitamu vinachimbwa, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe mpaka vikauke, chakula cha njaa ya mwakani. Vingine vinachemshwa kwanza ndiyo vikatwe na kuanikwa; hivyo tunaita matobolwa, na ni vitamu kama peremende. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe pana, bapa, la kutosha kuanika viazi vya nyumba tatu. Shangazi akaona njia. Binti aliyekaa juu ya jiwe akilinda michembe isiliwe na mbuzi hakuna atakayemuuliza anaumwa nini. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema malaria, na kampuni ikachukua karani mwingine.

Basi nikaanikwa. Saa tatu asubuhi mpaka saa nane, mikono wazi, miguu wazi, kitenge kimefungwa kifuani. Daktari alisema kidogo. Shangazi akasema kama kidogo kinasaidia, kingi kinaponya. Wiki ya kwanza nilimeza vidonge. Wiki ya pili nikameza cha asubuhi peke yake. Ya tatu sikumeza kabisa, na kliniki ya Alhamisi nikaacha, na hakuna aliyenilazimisha, nakiri. Nilikuwa na haraka. Nilitaka kuamka siku moja nikiwa mtu wa kawaida, niolewe, basi.

Na nilijisikia vizuri, hilo ndilo baya. Tumbo likatulia kwa sababu vidonge havipo. Nikasema jua linafanya kazi. Kisha kiu ikarudi, nikasema nani asiyeona kiu akikaa kwenye jiwe mwezi wa saba? Nikakonda, shangazi akasema ni weusi, weusi unamwonyesha mtu mwembamba. Nilichoka, tukasema joto. Kila dalili ilipata sababu yake palepale kwenye jiwe. Mkononi nina matobolwa, natafuna kutwa nzima, kwa sababu ukilinda kitu kitamu masaa matano utakila tu. Hakuna aliyewaza kwamba nakula sukari ili kutibu sukari.

Siku moja baba alikuja kutoka Kasoli, akanikuta juu ya jiwe, akasimama muda mrefu ameshika fimbo yake. Hakuwa ameniona juani tangu nikiwa mtoto. Akamuuliza shangazi kwa Kisukuma, huyu amekuwa mweusi hivi, watu wa kwa Shija watasemaje? Shangazi akamjibu, "Weusi utatoka. Jina likichafuka halitoki." Baba hakujua habari ya sukari. Alidhani ni mambo ya wanawake kabla ya ndoa. Akachukua kipande cha tobolwa, akaondoka.

Nikaungua unyayo. Jiwe lilikuwa la moto, nikatembea peku mpaka kona ya mwisho kufukuza kuku, likatoka lengelenge chini ya kidole kikubwa. Sikulihisi mpaka nilipoona majimaji kwenye jiwe. Baada ya siku nne likawa kidonda chenye rangi ambayo sikutaka kuitazama. Nikakifunga kitambaa, nikavaa soksi.

Mwezi wa nane, Alhamisi, nilitapika uji. Nikatapika maji. Kuanzia hapo sina kumbukumbu yangu, naandika nilichosimuliwa. Shangazi alinikuta nimelala katikati ya michembe, napumua haraka kama mtu aliyekimbia, mdomo unanuka kama papai lililoiva kupita kiasi. Alipiga kelele. Shija alikuwa anapita na baiskeli kutoka shule, akaitupa baiskeli njiani, akatafuta mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, wakanilaza juu ya magunia. Alitembea pembeni ya gurudumu njia nzima, ameshika kichwa changu kisigonge ubao.

Hospitali wakamuuliza shangazi ninaumwa nini. Shija yuko pale pale, suruali yake imejaa vumbi. Shangazi akasema malaria.

Mama Veronika alikuwa kwenye benchi, ilikuwa siku yetu, na yeye ndiye aliyenisimulia hili. Nilivyokonda na kuwa mweusi, hakunitambua mpaka aliposikia neno sukari. Anasema muuguzi aliandika malaria, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na ndugu wa mgonjwa, akaenda kuleta chupa ya dripu. Shangazi akamuuliza hayo maji ni ya nini. Akajibiwa ni maji ya sukari, mama, ya kumpa nguvu, dawa itapita humohumo. Anasema shangazi alitazama ile chupa, akamtazama Shija, akatazama chupa tena. Shija alikuwa anashusha magunia mlangoni. Shangazi akamshika muuguzi mkono, akamvuta mpaka karibu na benchi, akamwambia kwa sauti ya chini sana, "Usimwekee. Ana sukari. Ameacha dawa. Mimi ndiye niliyemwachisha."

Chupa ikarudi. Wakapima damu, wakaanza sindano za insulini na dripu nyingine. Shija hakusikia. Kwake ikabaki malaria.

Nilipoamka niliona kwanza chandarua, halafu mguu wangu umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, halafu shangazi amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu. Alikaa hivyo siku kumi na tisa. Alinikanda, akanisafisha, kidonda kiliposafishwa alinishika mikono yote miwili na kutazama ukutani. Siku nne za kwanza hatukujua kama kidole kitabaki. Daktari wa wodi alikuwa anakuja, anafungua, ananusa, anafunga, anaondoka bila kusema. Nilijifunza kusoma mgongo wake.

Kidole kilibaki. Kimepinda kidogo na hakina hisia, lakini ni changu.

Shija alikuja Jumamosi na soda sita za chungwa kwenye mfuko, kwa sababu mgonjwa wa malaria anahitaji kurudisha nguvu. Akafungua moja kwa meno, akanipa, akakaa akisubiri ninywe. Nilikuwa na kiu ambayo siwezi kuieleza. Nikaishika chupa. Nikasema nitakunywa baadaye. Akasema itapoteza ladha, kunywa. Shangazi akaichukua mkononi mwangu, akainywa yote, moja kwa moja, akacheua, akasema, "Mimi ndiye niliyechoka zaidi, mwalimu." Shija akacheka sana. Mimi nikageukia ukutani nikalia, naye akadhani ni homa.

Mama Veronika alikuja na sato aliyechomwa bila mafuta, amefungwa kwenye gazeti. Nikamwambia habari yote ya Mwanza, nikamwonyesha na daftari. Akaniambia nimsomee, yeye hajasoma. Nikamsomea.

"Soma tena pale mwisho," akasema.

Nikasoma tena: vidonge vya sukari usiache hata siku moja.

"Sasa huyo daktari alikosea nini?" akaniuliza.

Hakukosea kitu. Daktari wa wodi naye alisema yaleyale: nitoke nje asubuhi kidogo, na hiyo vitamini akaagiza iletwe, ila jua na vitamini vinakaa pembeni ya vidonge, havichukui nafasi yake. Alisema hajui kama vitanishushia sukari. Nilipenda kwamba alisema hajui.

Nilitoka mwezi wa tisa, magari ya mwisho ya pamba yanapakia. Baba alikuwa ameshaambiwa. Alikuja akakaa, akasema maneno machache: hawezi kula ng'ombe wa watu kwa binti ambaye wamefichwa habari zake, atawarudisha. Shangazi akamwambia akirudisha ng'ombe ndiyo atakuwa ametangaza UKIMWI kwa mji mzima, kwa sababu hakuna atakayeamini ni sukari. Walibishana mpaka chai ikapoa. Baba akasema yeye anaona aibu ya kudanganya watu, shangazi akasema yeye anaona aibu itakayompata mtoto. Hakuna aliyeniuliza mimi, nami niko palepale, mguu juu ya kigoda.

Mwishowe wakakubaliana kukaa kimya mpaka ndoa ipite. Mama yake Shija na washenga walituma salamu kwamba wanakuja kunipa pole na kupanga tarehe. Shangazi akapanga kila kitu. Nivae soksi. Nisalimie, niingie ndani. Ikiulizwa, malaria kali. Alishakuwa mtu mwingine kwa vidonge. Kila asubuhi alikuwa ananiletea mwenyewe, na uji wa ulezi usio na sukari, anasimama mpaka nimeze. Lakini mlango alikuwa anaufunga kwanza.

Jioni, siku moja kabla ya wageni, nilikaa kizingitini nikimtazama anafagia uwanja. Nilimfikiria alivyosimama kati ya ile chupa na Shija. Siku ile alikuwa na nafasi ndogo sana ya kusema, na alisema, kwa sauti ya chini. Kama angechelewa kidogo nisingekuwa hapa. Nikawaza nikiolewa kwa malaria, nitaficha kopo kwa mama mkwe, nitaficha kwa Shija, siku nitakayoanguka tena ni nani atajua kumshika muuguzi mkono? Shija atawaambia malaria. Atasema kwa moyo wake wote, kwa sababu ndicho anachokijua.

Nikachukua daftari, nikaandika hivi:

Kesho sivai soksi. Wakishakaa, nitapiga magoti niwasalimie wote, mwangaluka baba, mwangaluka mayu, halafu sitaingia ndani. Nitakaa uani karibu na Shija. Nitaomba shangazi aniletee maji na kidonge changu cha asubuhi palepale walipo, na akikataa nitavifuata mwenyewe. Nitameza polepole. Mama Shija akiuliza ni cha nini, nitamwambia ni sukari, na kwamba ni ya maisha, na kwamba mwanawe akitaka kuondoka aondoke akijua. Shangazi asiponitangulia kuongea, nitaanza mimi.